Inakwenda Wapi Muda Wote Huo

Mwanahalima alikuwa na kawaida yake, na wanawake wa Kaloleni walimpendea kawaida hiyo kuliko hata picha zenyewe. Akiitwa kumpiga picha bibi harusi ndani, siku ya hina, mitandio imevuliwa na nywele ziko wazi, hakuingia na memori kadi. Kamera aliiunga kwa waya mrefu kwenye kompyuta ya bibi harusi mwenyewe, na kila picha ilitoka kwenye kamera ikaingia humo moja kwa moja. Akimaliza anachomoa waya, anakunywa chai, anaondoka mikono mitupu. Hata akitaka kujua bibi harusi alivaa nini, ilimbidi akumbuke kwa kichwa.

Kabla ya kuanza alikuwa akikifungua kimlango cha ubavuni mwa kamera, akawazungushia wote waliokuwepo walione tundu tupu. Mtu atacheka, lakini mjini kwetu picha za ndani zimeshazagaa kwenye simu za watu na ndoa zimevunjika. Ndiyo maana mwanamke huyu mwenye studio ya chumba kimoja Sokon One, asiye na bango wala gari, aliitwa kuliko wapiga picha wenye droni.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, baridi imeshika na Mlima Meru haujaonekana tangu Jumatatu, alikuwa nyumbani kwa Bi Swabaha kumpiga picha binti yake, Salwa. Salwa alikuwa anaolewa kesho yake, na Jumapili alfajiri aondoke na mumewe Luqman, mwalimu wa sekondari huko Sumbawanga. Kutoka Arusha mpaka Sumbawanga ni safari ya kulala njiani, na mshahara wa mwalimu tunaujua, kwa hiyo kuonana na mama kungekuwa kwa nadra. Salwa alitaka kitu kimoja tu, na alikuwa amekiomba kwa miezi minne. Alitaka picha moja na mama yake.

Ungedhani ni jambo dogo. Bi Swabaha hakuwa amepigwa picha kwa hiari tangu harusi yake mwenyewe, mwaka tisini na saba. Ya kitambulisho alipigwa kwa sababu serikali haibembelezwi. Kwenye shughuli za watu, kamera ikiingia mlango huu yeye hutokea mlango ule. Salwa alikuwa amefikisha miaka ishirini na minne hana picha hata moja ya mama yake ya kuweka kwenye simu, na kila alipouliza sababu aliambiwa akaangalie maharage jikoni. Mwishowe mama alikubali, baada ya kuelezwa habari ya waya na tundu tupu. Moja tu, alisema, na iwe kabla ya alasiri, wageni hawajafika.

Mwanahalima alijua mama huyo alikuwa akikimbia nini. Alijua kuliko Salwa, na hakumwambia mtu.

Baba yake, marehemu Mzee Mikidadi, ndiye aliyempiga Swabaha picha za harusi. Mzee alikuwa fundi kwelikweli, hilo hatumnyimi. Picha moja ilimpendeza mno hata akaikuza, akaipaka rangi kwa mkono wake, akaitundika kwenye dirisha la studio lililotazama barabara, bila kumuuliza mtu. Bibi harusi wa miaka ishirini, shungi limeteleza, anamcheka mtu asiyeonekana. Wanaume wakawa wanasimama pale na vikombe vyao vya kahawa. Maneno yakamfikia baba mkwe, naye akakusanya picha zote za harusi zilizokuwa nyumbani akazichoma uani. Swabaha alimtuma mtu kwa Mzee Mikidadi, amwombe aishushe. Mzee akajibu kwamba hiyo ndiyo inayoleta wateja. Aliishusha baada ya miezi mitatu, na maji yakishamwagika hayazoleki.

Wakati huo Mwanahalima alikuwa na miaka saba. Kila asubuhi akienda shule aliisalimia picha ile, na iliposhushwa alilia. Habari kamili aliipata ukubwani, kwa mama yake, na ile kawaida ya kufungua kimlango ilianzia hapo. Salwa alipokuja studio kupanga siku, akataja jina la mama yake na mtaa, Mwanahalima alitaka kusema, akaishia kuandika tarehe. Akaamua kulipa kimyakimya: ampigie mama yule picha nzuri kuliko zote, aondoke mikono mitupu, yaishe. Ila asubuhi ya siku yenyewe aliitoa picha ya zamani chini ya sanduku la taa, ikiwa imefungwa kwenye gazeti, akaitia mkobani bila kuamua ya nini.

Walipoanza, Naisula, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa amekaa mlangoni na beseni la kufulia akikusanya simu. Yake aliitia ya kwanza ili awe mfano. Mwanahalima akakifungua kimlango, akazungusha. Naisula akachungulia akaridhika. Bi Swabaha alichungulia kwa muda mrefu zaidi, na Mwanahalima, badala ya kuiangalia kamera yake, alikuwa akiuangalia uso wa mama huyo. Ulikuwa umenenepa kidogo mashavuni. Macho yalikuwa yale yale ya dirishani.

Salwa alikaa karibu na dirisha la uani, mikono mbele, hina mbichi mpaka kwenye viwiko. Siku mlima ukijifunika, mwanga wa Arusha huwa laini, hauna vivuli vikali, na Mwanahalima aliupenda. Akapiga. Wote wakageukia kompyuta.

Hakikuja kitu. Kwenye kioo ule mstari mdogo wa kijani ulisogea mpaka nusu, ukasimama, ukasogea tena kwa kujivuta. Kwa kawaida picha hufika hata kamera hujaishusha. Hii ilichukua dakika nzima. Ya pili nayo vile vile. Naisula akasema haraka haraka haina baraka, lakini kufikia ya nne alikuwa anauliza kama hii kitu imebeba gunia la mbatata.

Mwanahalima alijisikia vibaya, kwa sababu alasiri ilikuwa inakaribia. Lakini kulikuwa na jambo lililompa faraja. Bi Swabaha alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo, mguu mmoja ndani mmoja nje, na kila picha ilipokuwa njiani alikosa la kufanya akasogea. Ya tatu ikiwa njiani, alikuja kuweka sawa ua lililokuwa kwenye nywele za mwanawe. Ya tano, akaketi ukingoni mwa mkeka. Kufikia ya nane alikuwa na sahani ya sambusa mapajani, anamlisha Salwa kipande kimoja kimoja kwa kuwa mikono ya binti ilikuwa na hina, na anamwambia mambo ambayo bila shaka alishamwambia mara kumi: Sumbawanga nako kuna baridi, asiache sweta kwenye sanduku la chini, mume akichelewa asimsubirie na njaa, akiumwa asijifanye shujaa, apige simu. Salwa alikuwa anatafuna na kuitikia. Hakuna aliyekuwa anautazama ule mstari wa kijani tena.

"Mwanangu," Bi Swabaha akamwambia Mwanahalima picha ya kumi na moja ikiwa bado haijafika, "inakwenda wapi muda wote huo?"

"Haiendi popote, mama. Imo humo humo ndani ya waya, inatembea pole pole tu."

Bi Swabaha akamtazama, akakubali. Akamfuta Salwa mdomo kwa upande wa kanga, akainuka kwenda chumbani kuvaa. Naisula akamfuata kumsaidia zipu.

Mwanahalima akabaki anahangaika. Alibadilisha waya akaweka wa akiba, mfupi. Akahamishia tundu la upande wa pili wa kompyuta. Akafunga kila kilichokuwa kimefunguliwa humo, pamoja na tamthilia ambayo Salwa alikuwa ameiachia katikati. Akapiga picha ya mto wa kochi kujaribu. Dakika nzima. Akaigeuza kamera mikononi mwake, akaona kitaa chekundu cha mgongoni kinapepesa.

Kitaa kile hupepesa kamera inapoandika kwenye kadi. Kama hakuna kadi, hakipepesi.

Akakifungua kimlango taratibu. Tundu la juu lilikuwa tupu, lile alilowaonyesha. La chini, dogo, lilikuwa na kijikadi cheusi kilichozama mpaka ndani, cheusi ndani ya cheusi, usichoweza kukiona bila kukitafuta. Jumamosi alikuwa Olasiti kwenye harusi ya kanisani, na kwenye harusi za hadharani hurekodi mara mbili kwa usalama. Usiku ule alitoa kadi kubwa na kuisahau ndogo, kuukuu kama nini, aliyoirithi kutoka kamera ya zamani. Sasa kamera ilikuwa inaandika kila picha kwenye kikongwe hicho ndipo iisukume kwenye waya. Picha zote za Salwa, nywele wazi, shingo wazi, zilikuwa humo.

Salwa alikuwa amefumba macho, anapumzisha shingo. Hakuna aliyeona.

Ilitosha kukitoa, kukitia mfukoni, na nyumbani akafuta kila kitu. Picha zingeanza kuruka, alasiri wasingeikosa, na Salwa angepata picha yake. Akisema, mama yule angefunika kichwa na asingekifunua tena mbele ya kamera mpaka siku anakufa, na mtoto angekwenda Sumbawanga hana kitu. Kunyamaza kulikuwa na sababu nzuri, na hilo ndilo lililomtia hofu. Hata baba yake alikuwa na sababu nzuri. Mzee Mikidadi alidhani anauheshimu uzuri, na mpaka anaingia kaburini hakuona alichomkosea mtu. Mwanahalima alikitoa kijikadi, akakifumbata.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Bi Swabaha alikuwa amevaa gauni la kijani, wanja umekaa, nywele amesuka mabutu mawili kama msichana, na kichwani hakuwa na kitu. Salwa alifumbua macho akaanza kulia hapo hapo, Naisula akamkemea kwamba ataharibu poda. Bi Swabaha alikaa mkekani, bega kwa bega na binti yake, akavuta pumzi.

"Haya. Piga, kabla sijabadili mawazo."

Mwanahalima akainua kamera. Kupitia humo aliwaona wote wawili, na akauona uso aliokuwa akiusalimia kila asubuhi akienda shule. Akaishusha kamera, akaenda akapiga magoti mbele ya mkeka, akakunjua kiganja.

"Mama, uliniuliza inakwenda wapi," alisema. "Ilikuwa inakuja hapa."

Akaeleza yote, Olasiti na tundu la chini, bila kujipunguzia. Alipomaliza, Bi Swabaha alikuwa ameshajitupia mtandio. Hakufanya kwa hasira, mkono ulikwenda wenyewe, na hilo lilimuuma Mwanahalima kuliko tusi. Salwa akasema kwamba dada si alifungua mbele yao wote.

Bi Swabaha akakichukua kijikadi, akakitazama kilivyo kidogo. "Ungekitia mfukoni, nani angejua?"

"Hakuna."

"Basi mbona umesema?"

"Kwa sababu mimi ni binti wa Mikidadi, mpiga picha."

Bi Swabaha akafungua mdomo, akasema, "Mtoto wa nyoka," na hakuimaliza methali. Badala yake alianza kusimulia, akimtazama Salwa na si mwingine. Alimweleza habari ya dirisha, vikombe vya kahawa, na moto wa uani ambao babu yake aliuchochea kwa fimbo. Miaka mitatu, alisema, alikwenda sokoni kwa njia ya nyuma, kwenye matope, kwa ajili ya dirisha lile. Picha ilishashushwa, lakini yeye aliendelea kuzunguka kwa kuwa miguu ilishazoea. Salwa alikuwa anayasikia haya kwa mara ya kwanza. Alitaka kumshika mama yake na hina ikamzuia, kwa hiyo alimlalia begani kwa paji la uso.

Mwanahalima hakumtetea baba yake. Alisema mzee alikosea, tena aliombwa akakataa, na yeye hakuja kumwombea msamaha kwa kuwa hana haki hiyo. Alikuja na mali ya mwenyewe. Akatoa mkobani lile gazeti.

"Ndiyo ile?" Bi Swabaha akauliza.

"Ndiyo."

"Mji mzima uliiona. Mimi sijawahi kuiona." Siku moja tu, alisema, alipita upande wa pili wa barabara, kichwa chini, akaona rangi nyekundu basi.

Aliifungua kwa vidole vya woga. Gazeti lilikuwa limegeuka manjano, lakini rangi za Mzee Mikidadi zilikuwa zimekaa kama zilivyokaa. Aliitazama kwa muda mrefu. Naisula akaja nyuma yake, akainama. "Mama Salwa, huyu si Salwa kabisa?" alisema. "Hata meno."

"Ulikuwa unamcheka nani, mama?" Salwa akauliza.

Bi Swabaha akayagusa meno yale kwa kidole. "Mama yangu," alisema. "Alikuwa amesimama nyuma ya mpiga picha, ananifanyia vituko ili nicheke. Alijifunga kanga kichwani kama kilemba cha shehe. Jamani, nilisahau kabisa." Akajifuta macho kwa kiganja, wanja ukaenda upande. Mama yake alifariki mwaka uliofuata, akaendelea, na uso wake hana popote. Alikuwa kwenye zile zilizochomwa. Siku nyingine akitaka kuukumbuka unamjia vizuri, siku nyingine haumjii, na siku usipokuja anaweza kukaa jikoni nusu saa anautafuta.

Akamtazama binti yake, ambaye Jumapili alikuwa anaondoka. Mwanahalima aliona vile mama huyo alivyoelewa alichokuwa anataka kumfanyia mwanawe. Bi Swabaha akauvua mtandio, akaukunja vizuri, akauweka chini ya goti.

"Chukua kamera yako."

Mwanahalima akainuka, machozi yanamtoka, akaiandaa. Bi Swabaha akamnyooshea mkono. Kijikadi kilikuwa katikati ya kiganja.

"Na hiki kirudishe humo."

"Mama?"

"Zile za mtoto zifute kwanza, nikiona kwa macho yangu. Halafu kirudishe." Alisubiri mpaka Mwanahalima akakichomeka kwenye kompyuta akafuta moja moja, yeye akihesabu kwa midomo hadi ya mwisho. "Baba yako alichukua, hakuomba. Wewe ungeweza kuchukua, ukasema. Basi hii nakupa mwenyewe. Moja ibaki kwa Salwa, moja ibaki kwako."

Mwanahalima akakirudisha kijikadi kwenye tundu la chini. Mama na binti wakakaa bega kwa bega, wamenyooka kama wanaosubiri sindano. Hakuna picha inayotoka kwa watu waliokaa hivyo, na Naisula aliliona hilo kabla ya mpiga picha. Alimwaga simu zote kwenye kochi, akaenda kusimama nyuma ya Mwanahalima, akajivika beseni kichwani.

Hapo ndipo Mwanahalima alipopiga.

Mstari wa kijani ukaanza safari yake ya kujivuta. Ukafika nusu, ukasimama. Wote wanne wakakaa mbele ya kompyuta wamebanana, na safari hii hakuna aliyelalamika. Bi Swabaha alimega sambusa ya mwisho akamtia Salwa mdomoni, kisha, kama aliyekumbuka, nusu iliyobaki akampa Mwanahalima. Picha ilipojitokeza ilikuwa na ukungu kwanza, halafu ikatakata: mama wa mabutu mawili na binti wa hina, vichwa vimegongana, wanamcheka mtu asiyeonekana.

Bi Swabaha aliusogeza uso wake karibu na kioo, akajitazama, akamtazama mwanawe, akarudi kwa yule bibi harusi wa dirishani aliyekuwa mapajani mwake. Msikiti wa mtaani ukaanza kuadhini alasiri. Akauvuta mtandio kutoka chini ya goti, akajifunika, akamgeukia Mwanahalima.

"Ila dirishani," alisema, "hapana."

"Dirishani hapana, mama," Mwanahalima akajibu, akilia na kucheka, sambusa bado imo mdomoni.